Kula ukiwa na ugonjwa wa Crohn Nairobi: njia nne, na ipi inamfaa nani

Mtu akishajulikana ana ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe wa muda mrefu wa njia ya chakula, ushauri wa chakula humjia bila kuitwa. Shangazi anapiga simu kutoka Murang'a kusema maharagwe ndiyo mabaya. Jirani wa ploti anasema ni ngano. Mama mboga, akikuona unashika kabeji na kuirudisha, anakuhakikishia kwamba ndiyo iliyomlaza mtoto wa dada yake. Kwenye kundi la WhatsApp la familia kuna anayeuza unga wa mizizi. Ukiwatii wote, baada ya muda sahani inabaki na wali mweupe na chai ya rangi, na mshipi wa suruali unaongezewa tundu.

Hapa nalinganisha njia nne za kula ambazo mgonjwa wa Nairobi anaweza kuambiwa azijaribu. Msimamo wangu niuseme mapema: njia hizi hazifanyi kazi moja, kwa hiyo kuuliza ipi ni bora zaidi hakukufikishi popote. Moja inaweza kutuliza uvimbe wa utumbo, nyingine inapunguza gesi, nyingine inazuia utumbo uliobana usizibe. Mwenye gesi tu akishika mlo wa mwenye utumbo uliobana anajinyima bure. Naye mwenye utumbo uliobana akishika mlo wa "afya" uliojaa githeri na mboga mbichi anaweza kuishia chumba cha upasuaji.

Kabla ya kuchagua

Crohn inaweza kushika popote, kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ila mara nyingi hukaa mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapoungana na utumbo mpana. Uvimbe wake hupenya unene wote wa ukuta wa utumbo, na ndiyo maana unapopona huacha makovu yanayobana njia. Tangu daktari Burrill Crohn na wenzake wawili wauandike mjini New York mwaka 1932, hakuna chakula kimoja kilichothibitika kuuleta.

Chakula kinaweza kuchokoza dalili bila kuamsha ugonjwa. Kuhara baada ya chapo dondo, yaani chapati na maharagwe, si ushahidi kwamba utumbo umechachamaa. Vilevile mtu anaweza kula vizuri wiki nzima bila maumivu kumbe vidonda vinaendelea ndani. Vipimo ndivyo huamua: kile cha choo kiitwacho kalprotektini na kile cha damu cha CRP, vyote viwili vya kuonyesha uvimbe, na kamera pale daktari anapoona inahitajika. Yeyote anayekuambia umepona kwa sababu tumbo limetulia siku tatu, mshukuru na uendelee na dawa.

Kwetu Kenya kuna jambo la kuangalia mapema zaidi. Kifua kikuu cha utumbo kinafanana sana na Crohn, hata daktari akitazama kwa kamera, na dawa nyingi za Crohn hushusha kinga ya mwili. Kama ulipewa jina la ugonjwa bila kolonoskopi, yaani kamera ya utumbo mpana, na bila vipande vya utumbo kupimwa maabara, rudi uulize kabla ya kubadilisha hata kikombe cha chai.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali yaleyale. Inafanya kazi gani hasa: kutuliza uvimbe au dalili tu? Sahani yake inapikika kwa vitu vya soko la Marikiti na vya mama mboga wa mtaani? Inagharimu nini mfukoni, na mchana ukiwa kazini mjini utakula nini? Ina hatari gani? Mwisho, inamfaa nani. Ladha sikuiweka kuwa kigezo peke yake, lakini mlo usiolika hauna faida, na hilo litajitokeza.

Njia ya kwanza: sahani pana na daftari

*Kazi yake.* Unakula vyakula vya aina nyingi, halafu unaondoa kile tu ambacho daftari lako limethibitisha kinakusumbua. Msingi wake unakaribiana na mlo wa Mediterania: mboga zilizopikwa, matunda, samaki, jamii ya kunde, mafuta ya mimea, nyama nyekundu kiasi, vya viwandani kidogo. Mlo huo ulipimwa Marekani dhidi ya mlo maarufu unaokataza nafaka zote, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Baada ya wiki 6, waliopata nafuu ya dalili walikuwa asilimia 43.5 upande wa Mediterania na asilimia 46.5 upande wa pili, tofauti ambayo kitakwimu haihesabiki. Huo mlo wa pili unakataza ugali, wali, chapati, viazi na sukari. Kwa mtu wa Nairobi ni mzigo mkubwa kwa malipo yaleyale, kwa hiyo sikuuingiza kwenye hesabu ya njia nne.

*Sahani.* Ugali na samaki wa mchuzi, managu au sukuma iliyoiva, kipande cha parachichi, papai, ndengu kwa kiasi, mala. Nyama yenyewe inasingiziwa sana. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 uliwagawa wagonjwa waliotulia, wengine wakaambiwa waendelee kula nyama nyekundu na wengine waiache karibu kabisa, na ugonjwa haukurudi mara chache zaidi kwa walioiacha. Nyama choma ya Jumapili, ikiwa laini na umeitafuna sawasawa, haina kesi kubwa ya kujibu. Mafuta yanayotiririka juu yake na pilipili ya kachumbari ni mashtaka tofauti.

Daftari lenyewe liwe na saa, chakula na jinsi kilivyopikwa, dalili, kisha safu ya mengineyo: usingizi, hedhi, msongo wa kazi, dozi uliyoruka. "Jinsi kilivyopikwa" usiiache, maana viazi vya kuchemsha na chipsi za mtaani ni vyakula viwili. Shuku kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mfano mzuri kwetu ni chai. Watu wazima wengi Waafrika hawana kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa, na Nairobi maziwa hunywewa asubuhi, saa nne na jioni ndani ya chai bila mtu kuyahesabu. Kunywa chai ya rangi kwa wiki mbili, usibadilishe kingine chochote, kisha rudisha maziwa uone. Dalili zikirudi, umepata jibu, na hata hapo mala huenda isikusumbue kwa sababu uchachu umeshakula sehemu ya ile sukari. Zisiporudi, maziwa yameachiliwa na unaendelea na mshukiwa mwingine.

*Mfuko na mchana mjini.* Ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo pekee isiyokufanya uwe mgeni kwenye kibanda au kwenye harusi.

*Hatari.* Watu huondoa na hawarudishi. Kila siku mbaya inaongeza jina kwenye orodha ya marufuku hadi chakula chenyewe kinaogopwa. Tena njia hii inahitaji utulivu: ugonjwa ukiwa umechachamaa, kila kitu kinauma na daftari halikufundishi lolote.

*Inamfaa* mtu ambaye ugonjwa umetulia kwa dawa, uzito uko sawa, na anataka kujua vichokozi vyake mwenyewe.

Njia ya pili: chakula laini chenye nyuzinyuzi kidogo

*Kazi yake.* Ni suala la njia na kipimo cha kinachopita. Utumbo ukibana, kwa uvimbe au kwa kovu, vipande vigumu visivyosagika vinaweza kukwama. Mlo huu hautibu uvimbe, unapunguza tu uwezekano wa kukwama na maumivu ya kupitisha.

*Sahani.* Hapa vyakula vyetu vinataka macho. Githeri ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya hatari, kwa sababu ngozi ya punje ya mahindi hutoka kama ilivyoingia. Muthokoi ya Ukambani, iliyokobolewa hiyo ngozi, ni nafuu kidogo, ingawa kwa mtu aliyebanwa sana hata hiyo isubiri. Mahindi ya kuchoma ya kando ya barabara, bisi, njugu, uyoga, nazi, embe lenye nyuzi, ngozi nyeupe za chungwa na maganda ya maharagwe vyote viwekwe kando.

Kinachobaki si kidogo. Kuna wali mweupe, ugali wa unga uliokobolewa, viazi vilivyomenywa na kupondwa, matoke laini, mayai, samaki aliyetolewa miiba, kuku wa kuchemsha, papai, ndizi mbivu, na supu ya malenge na karoti iliyosagwa. Mukimo inawezekana ukiacha mahindi na kutumia malenge badala yake. Hata njahi hazijakufa: zichemshe mpaka zilegee kabisa, ziponde, kisha zipitishe kwenye chujio ngozi zibaki juu.

Sukuma wiki nayo ina namna yake. Lishike jani kwenye ubua na livue kwa mkono mmoja ili mshipa wa kati utoke mzima, utupe. Katakata jani jembamba kuliko unavyozoea, kisha chemsha kwanza kabla ya kukaanga, mpaka ukilibana kati ya vidole viwili livunjike lenyewe. Sukuma ya kibanda, inayotoka kwenye karai ikiwa bado kijani inang'aa, haijafika hapo. Wengi huambiwa "acha mboga" wakati walichohitaji kuambiwa ni "pika zaidi".

*Mfuko na mchana mjini.* Vyakula ni vya bei ya kawaida, gesi ya kupikia ndiyo huisha upesi. Kibandani mambo yanawezekana ukisema mapema:

"Mama, niwekee wali na supu ya kuku. Githeri usiniwekee hata kijiko."

"Hata maharagwe kidogo, kijana wangu?"

"Hata hayo, mama. Tumbo linasumbua."

"Basi nikuongezee supu."

*Hatari.* Choo kigumu, upungufu wa vitamini, na kukaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mtu anaanza kwa sababu ya uvimbe, uvimbe unapungua, yeye bado anakula mkate mweupe na soda mwaka mzima. Nyuzinyuzi zenyewe ni chakula cha bakteria wazuri wa utumbo, na mwenye utumbo ulio wazi hana sababu ya kuziogopa. Na uwe njia hii au nyingine, zijue dalili za kuziba: tumbo kuvimba na kukaza, maumivu yanayokuja kwa mawimbi, kutapika, kukosa choo na hata hewa. Hizo ni za hospitali usiku huohuo, na usile wala kunywa dawa ya kuharisha ukingojea kupambazuke.

*Inamfaa* mtu ambaye picha za MRI au CT zimeonyesha utumbo umebana, na yule ambaye ugonjwa umechachamaa kwa sasa. Wa kwanza huenda akakaa nayo muda mrefu akifuatiliwa. Wa pili anapita tu.

Njia ya tatu: kupunguza sukari zinazochachuka, yaani FODMAP

*Kazi yake.* Njia hii ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, kwa ajili ya watu wenye utumbo mwepesi kuchokozeka. Inapunguza aina fulani za wanga ambazo hazifyonzwi vizuri, zikafika utumbo mpana na kuchachuka, zikaleta gesi na kuvuta maji. Wagonjwa wengi wa Crohn waliotulia bado wana tumbo la kujaa na kunguruma, na hapo ndipo inapoingia. Mwaka 2020 watafiti wa London waliipima kwa wiki 4 kwa watu 52 wenye magonjwa ya uvimbe wa utumbo yaliyotulia: asilimia 52 ya walioifuata walisema wamepata nafuu ya kutosha, wakati waliopewa mlo wa kulinganishia walikuwa asilimia 16. Vipimo vya uvimbe havikutofautiana. Basi inatuliza kelele za tumbo tu, na anayeitumia kupigana na uvimbe atapoteza muda.

*Sahani.* Habari njema ni kwamba ugali unabaki, wali unabaki, viazi vinabaki, sukuma, spinachi, karoti, mayai, samaki na nyama vinabaki. Uji wa mtama pia. Vinavyoondoka kwa muda ni ngano, yaani chapati, mandazi na mkate, kisha maharagwe, maziwa freshi, embe, tikitimaji, tufaha, uyoga, koliflawa, na ndizi iliyoiva sana. Mala na maziwa yasiyo na laktosi huangaliwa kwa kipimo.

Taabu yenyewe ni kitunguu na kitunguu saumu. Sijui sufuria ya Nairobi inayoanza bila kitunguu. Lakini sukari ya kitunguu inayosumbua huyeyuka kwenye maji na haiyeyuki kwenye mafuta, na hilo linakupa mwanya: kata kitunguu vipande vikubwa, vikaange kwenye mafuta matupu hadi vibadilike rangi, vitoe vyote, ndipo uweke nyanya. Harufu inabaki, sukari inatoka na vipande. Fanya hivyo kabla ya maji kuingia, kwa kuwa kitunguu kikishachemka ndani ya supu hakuna cha kukitoa. Majani ya kijani ya kitunguu cha majani yanaruhusiwa, tangawizi na dania pia. Viungo vya pakiti soma kwanza, maana vingi vina unga wa vitunguu.

*Mfuko na mchana mjini.* Nyumbani gharama ni ya wastani. Mjini ni shida, kwa sababu hakuna kibanda kitakachokupikia bila kitunguu saa saba mchana foleni ikiwa mlangoni. Mkebe wa kubeba chakula ni wa lazima, na si kila ofisi au duka lina mahali pa kukipashia.

*Hatari.* Ina hatua tatu: kuondoa kwa wiki 2 hadi 6, kurudisha kundi moja moja, kisha kujipangia mlo wako. Wengi hukwama hatua ya kwanza. Utafiti uleule wa London uliona baadhi ya bakteria wazuri wakipungua kwa wiki 4 tu, sasa fikiria mwaka. Kwa mtu aliyepungua uzito, kuondoa maharagwe, ngano na maziwa kwa pamoja ni kuondoa mihimili mitatu ya chakula cha kila siku.

*Inamfaa* mtu ambaye vipimo vinaonyesha uvimbe umetulia lakini gesi na kuhara vinaendelea, ana uzito wa kutosha, na ana mtaalamu wa lishe wa kumwongoza kwenye hatua ya kurudisha. Mkosa mtaalamu afadhali ajaribu kwa udogo, aanze na maziwa na kitunguu tu kwa njia ya daftari.

Njia ya nne: maziwa ya lishe, peke yake au pamoja na mlo wa kuondoa

*Kazi yake.* Kati ya hizi nne, hii ndiyo yenye ushahidi wa kutuliza uvimbe wenyewe. Ina sura mbili. Ya kwanza ni kunywa lishe kamili ya kopo pekee, bila chakula kingine, kwa wiki 6 hadi 8. Kwa watoto wenye Crohn iliyochachamaa, miongozo ya kitaalamu ya Ulaya huiweka mstari wa mbele badala ya steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kwa sababu inatuliza ugonjwa bila kudumaza ukuaji. Sura ya pili, ijulikanayo kwa herufi CDED, ilianzishwa na daktari Arie Levine wa Israeli: nusu ya nishati kutoka kwenye maziwa ya lishe na nusu kutoka kwenye orodha fupi ya vyakula kwa wiki 6, kisha wiki 6 nyingine maziwa yakishuka hadi robo na orodha ikipanuka.

Utafiti wa watoto uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha sura hizi mbili. Karibu watoto wote waliivumilia ile yenye chakula, ilhali kwa maziwa pekee walivumilia karibu robo tatu. Kufikia wiki ya 12, waliotulia bila steroidi walikuwa asilimia 75.6 kwa ile yenye chakula na asilimia 45.1 kwa walioanza na maziwa pekee. Kwa watu wazima kuna utafiti wa 2022 ulioleta matumaini, lakini washiriki hawakufika 50, kwa hiyo tuupokee kwa kiasi chake.

*Sahani.* Nilipoiona orodha ya CDED mara ya kwanza nilitarajia vitu vya dukani Westlands tu. Kumbe kiini chake ni kidari cha kuku, mayai, viazi vilivyopikwa vikapoa, ndizi na tufaha, halafu wali, nyanya, karoti. Ngano, maziwa ya ng'ombe, majarini, soseji, smoki, soda, juisi za pakiti, kahawa na pombe vinatoka. Ukiondoa tufaha, kapu lote linajaa Marikiti au Gikomba.

*Mfuko na mchana mjini.* Hapa ndipo njia hii inawaacha wengi. Maziwa ya lishe ya kiwango cha hospitali huisha haraka ajabu mtu mzima akiyategemea kwa nusu ya chakula chake, na kabla hujaanza mpigie simu bima uulize kama yanalipwa nje ya wodi. Kidari cha kuku kila siku nacho si maharagwe. Kwa upande mwingine, mchana ni rahisi: chupa mbegani, ndizi mbili mkobani, viazi na yai kwenye mkebe.

*Hatari.* Kuiiga kwa nusu. Mtu anaondoa vyote vilivyokatazwa, anaacha maziwa kwa sababu ya bei, anabaki na nusu ya chakula anachohitaji. Uji wa "lishe" wa unga wa nafaka kumi na njugu hauchukui nafasi yake. Una mazuri yake, ila ni kitu kingine kabisa, tena una nyuzinyuzi tele. Aliyepoteza uzito mwingi na kukaa siku nyingi bila kula aanze chini ya macho ya daktari, kwa kuwa kulishwa kwa ghafla kunaweza kuvuruga chumvi za damu.

*Inamfaa* mtoto au kijana aliyechachamaa ambaye familia na hospitali wanaweza kumsimamia, mtu mzima mwenye ugonjwa wa wastani anayetaka kupunguza steroidi kwa ushauri wa daktari wake, na mgonjwa anayeandaliwa kwa upasuaji akiwa amekonda.

Yasiyojali umechagua njia gani

Mwisho wa utumbo mwembamba ndipo vitamini B12 hufyonzwa, hivyo ukiugua hapo au pakikatwa, pima. Chuma na vitamini D pia. Ukiwa kwenye steroidi, mifupa inataka kalsiamu, na omena iliyotafunwa vizuri inakupa bila kunywa maziwa, mradi utumbo haujabana. Dawa za maumivu za kununua tu duka la dawa, kama ibuprofeni na diklofenaki, zinaweza kuamsha ugonjwa. Nimeona watu wakilaumu chapati ya jana wakati kichwa kiliuma juzi wakameza vidonge. Sigara huzidisha Crohn kuliko chakula chochote kilichotajwa hapa. Na ukiwa kwenye dawa za kushusha kinga, maziwa yasiyochemshwa, hata ya mjomba anayefuga mwenyewe, yanaweza kukuletea bruselosi au kifua kikuu.

Mtaalamu wa lishe awe na leseni ya KNDI, taasisi ya serikali inayosajili kazi hiyo. Mwuza virutubisho aliyevaa koti jeupe kwenye hema la "afya" haingii humo.

Kwa hali yako

Umetulia, uzito mzuri, unataka tu kujua kwa nini Ijumaa huwa mbaya: anza na daftari, na uanze na chai na mafuta ya Ijumaa jioni kabla ya kumshtaki mtu mwingine.

Umechachamaa, choo mara nyingi, damu, homa: piga simu kwa daktari kwanza. Wakati unangoja matibabu yashike, chakula laini, vipande vidogo mara nyingi, na maji ya ORS. Mwulize kama maziwa ya lishe yanakufaa. FODMAP na majaribio mengine yasubiri.

Umeambiwa utumbo umebana: njia ya pili, na usiipanue bila picha mpya. Uliza wazi ni uvimbe au ni kovu, kwa sababu uvimbe unaweza kulegea kwa dawa na sahani ikarudi, lakini kovu haliondoki kwa chakula.

Vipimo safi lakini tumbo linaunguruma kwenye matatu tangu Roysambu hadi mjini: FODMAP kwa muda mfupi, ukiwa na tarehe ya kuanza kurudisha vyakula imeandikwa kabla hujaanza kuondoa.

Ulikatwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba na unahara hasa baada ya vyakula vya mafuta: huenda ni nyongo isiyofyonzwa, na kuna dawa yake. Punguza mafuta, lakini usihangaike na orodha za mboga kabla hujamuuliza daktari. Hali hiyohiyo huongeza uwezekano wa mawe ya figo, kwa hiyo spinachi, terere na njugu za kila siku zipunguzwe, na maji yaongezwe.

Mfuko hauruhusu maziwa ya kopo: usijaribu CDED ya nusu. Dawa ulizoandikiwa, yai kila siku, viazi, wali, samaki mdogo, mboga iliyoiva na mala kama unaivumilia vitakufikisha mbali zaidi ya kopo moja la mwezi.

Umepungua uzito miezi hii bila kutaka, au mtoto wako ameacha kurefuka: usiondoe chakula chochote kwa sasa. Nenda kliniki na daftari la unachokula kwa wiki moja, hata kama ni kidogo na hata kama ni chipsi, na umwache mtaalamu aanze na cha kuongeza.